Mtaji wa Msitu Hauliwi

Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa mwaka wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Ngamiani, Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliobanana kule nyuma karibu na mlango: assalaam alaykum, Bwana asifiwe, habari za jioni.

Katibu ameniomba nizungumzie hisa za makampuni ya intaneti. Anajua alichokifanya, maana tangu mwaka jana hakipiti kikao bila kijana mmoja kusimama na kuuliza: hela yetu inalala benki ya nini, wakati wenzetu huko duniani wanatajirika kwa simu tu? Swali ni zuri na nitalijibu. Ila mnanijua. Nimekuwa bwana misitu miaka 31, na mimi hela siwezi kuizungumzia bila kwanza kupita porini.

Kuna kijiji kimoja upande wa Amani, kule juu milima ya Usambara. Tulipata mradi pale, wafadhili wa nje, hela ya miaka mitatu. Tukaanzisha kitalu. Tulijaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, kwa mikono, akina mama, watoto wakitoka shule, na mimi mwenyewe nimechutama nao na udongo mpaka kwenye viwiko. Mvule, mtambara, miti ya palepale Usambara. Miche ikaota vizuri kweli. Mwaka wa tatu ukaisha, gari likaondoka, nami nikahamishwa kituo.

Nilirudi baada ya mwaka na nusu. Viriba vilikuwa palepale, mistari ileile tuliyoipanga, vyeusi, vimefunikwa na majani. Vingine vimebaki na udongo mkavu tu ndani, ukikibonyeza kinapasuka. Lakini miche mingine ilikuwa hai. Ilikuwa imetoboa viriba ikateremsha mizizi ardhini, imebanana, myembamba mirefu kama fito, kila mmoja unamnyang'anya mwenzake jua. Nikaushika mmoja nikauvuta, haukutoka. Mzizi ulikuwa umekimeza kiriba. Mlangoni pa banda kufuli la mradi lilikuwa bado linaning'inia, na nilipouliza ufunguo uko kwa nani, hakuna aliyejua.

Mji wetu una sifa yake: waja leo, waondoka leo. Wageni huiimba kwa mapenzi. Mimi tangu siku ile nikiisikia nakumbuka kile kitalu, kwa sababu ndivyo hela ya misitu ilivyokuja kwetu mara nyingi. Yaja leo, yaondoka leo. Na mti wa mtambara haujui kwamba mwaka wa fedha umefungwa.

Basi tuje kwenye hao matajiri wa teknolojia, maana wao ndio walioingia kwa kishindo kwenye mambo ya misitu.

Mzee Gordon Moore, Mmarekani, mwaka 1968 alianzisha na mwenzake Robert Noyce kampuni ya Intel, ile inayotengeneza chipu, ubongo wa kompyuta. Hisa zake zikamtajirisha. Mwaka 2000 yeye na mkewe Betty wakaanzisha taasisi ya kutoa misaada, na mwaka 2001 ikatolewa ahadi iliyoshtua ulimwengu wa wahifadhi: dola milioni 261 kwa shirika la Conservation International, zitolewe kwa miaka kumi. Msitu mkubwa wa Amazon kule Amerika ya Kusini ukawa moja ya kazi kuu za taasisi yao. Na shirika hilohilo la Conservation International ni mmoja wa waanzilishi wa CEPF, mfuko wa kusaidia uhifadhi, ambao kuanzia 2004 uliweka dola milioni 7 kwenye milima ya Tao la Mashariki na misitu ya pwani, Tanzania na Kenya. Usambara yetu ni sehemu ya Tao hilo. Kwa hiyo msidhani ninawasimulia habari za mbali.

Kisha Jeff Bezos. Kampuni yake, duka la mtandaoni, aliiita kwa jina la ule mto, Amazon. Ilianza kuuza hisa zake kwa umma Mei 1997, dola 18 kila moja. Februari 2020 akatangaza kutoa dola bilioni 10 kwa ajili ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi, na mwaka uliofuata akasema bilioni moja kati ya hizo zitaenda kulinda maeneo ya asili, bonde la Kongo likiwemo.

Nasikia mtu ananong'ona, hizo ni hela za watu, sisi zinatuhusu nini? Zinatuhusu, dada yangu. Mwanao akinunua bando, akafungua picha, akatazama tangazo, kuna senti inayosafiri. Vidole vya dunia nzima ndivyo vilivyowatajirisha wale, na vya Makorora na Chumbageni, mitaa yetu hapa Tanga, vimo. Ikirudi kidogo kuja kulinda chemchemi za Zigi, mto unaotupa maji, si sadaka ya kuipokea kwa kupiga magoti. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote. Tuseme asante, ila tuseme tumesimama.

Lakini angalieni jambo moja. Zile bilioni 10 zimepangwa zitumike ziishe ifikapo 2030. Ni hela nyingi kuliko akili yangu inavyoweza kuhesabu, na bado ina tarehe ya kuondoka, kama gari la mradi wetu.

Na kuna shida kubwa zaidi. Utajiri huo wenyewe ni wa namna gani?

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Bei yake ni kile ambacho mwingine yuko tayari kukupa leo, basi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu walizikimbilia hisa za intaneti kama watu wanavyokimbilia ngalawa ya mwisho. Kampuni haijapata faida hata siku moja, jina lake lina nukta na herufi tatu, ile .com, watu wananunua. Soko la Nasdaq, zinakouzwa hisa nyingi za teknolojia, likafika kilele tarehe 10 Machi 2000, kipimo chake kikisoma 5,048. Oktoba 2002 kilisoma kama 1,114. Aliyeweka 100 akabaki na 22. Na ikabidi asubiri mpaka 2015 ndipo soko lirudi pale lilipokuwa. Miaka 15! Mtoto aliyezaliwa siku ya kilele alikuwa keshafika sekondari.

Hisa ya Amazon yenyewe ilipita dola 100 Desemba 1999, ikashuka chini ya dola 6 mwaka 2001. Leo tunajua ilipona, tena ikapaa. Zenzake kibao zilikufa na majina yake hamjawahi kuyasikia. Na Intel ya mzee Moore? Agosti 2000 hisa moja ilikuwa karibu dola 75. Mzee alipofariki Machi 2023, akiwa na miaka 94, haikufika hata 35. Kampuni hai, inafanya kazi, chipu zake zimejaa duniani, na bei ilikuwa haijarudi kwa zaidi ya miaka 20. Sasa niambieni, kama mshahara wa askari wa msitu kule Amani ungekuwa umefungwa kwenye hisa ya kampuni moja tu, mwaka 2002 tungemwambia nini? Nenda nyumbani, utarudi 2015? Wapasua mbao wangemsubiri?

Sisi wa Tanga somo hili hatukuhitaji kulisoma Marekani. Tumelelewa na mkonge. Dokta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge mwaka 1893; iliyofika hai hapa kwetu ni 62. Katika hiyo 62 yakatoka mashamba, reli zikapata mzigo, bandari ikapata kazi, na wazee wetu kutoka kila pembe ya nchi wakaja kukata. Vita vya Korea vikapandisha bei, mabwana wa mashamba wakajenga majumba Raskazone. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Halafu ikaja kamba ya plastiki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na kama sehemu ya kumi ya hapo. Baba yangu alikuwa karani wa shamba. Nilimwona akivaa shati lake la kazi, amelipiga pasi, anakwenda kukaa barazani, kwa sababu hapakuwa na ofisi tena ya kwenda. Kwa hiyo kijana akinionyesha kwenye simu mstari unaopanda, siuchukii. Nauuliza tu: siku ukishuka, nani atakaa barazani?

Na hapa niseme neno moja kwa uchungu. Mpwa wangu mwaka juzi aliuza machungwa yake ya Muheza, akapata shilingi 900,000, akaziingiza kwenye programu ya simu iliyomwahidi kuwa ananunua hisa za makampuni makubwa ya mtandao na hela itazaa kila wiki. Wiki mbili za mwanzo ilizaa kweli. Ijumaa moja haikufunguka. Ile haikuwa hisa. Hisa halisi ina soko, ina wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na inaacha karatasi. Anayekuhakikishia faida ya kila wiki, mwanangu, funga simu.

Sasa, je, soko la mitaji halina faida kwa msitu? Linayo, na iko karibu kuliko mnavyodhani.

Mwaka 2001 ulianzishwa mfuko unaoitwa EAMCEF, Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, makao yake Morogoro. Ulipewa mtaji wa dola milioni 7 kutoka Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia Benki ya Dunia. Wangeweza kununua magari na kujenga ofisi, zikaisha. Walichofanya ni kuzipeleka kwenye masoko ya mitaji zikae kule zifanye kazi, na kinachotumika milimani ni faida. Mtaji hauguswi. Huko kwenye masoko kuna hisa za kila aina, za teknolojia zimo humo kama chumvi kwenye mchuzi, zimechanganywa na hatifungani, yaani hati za deni zinazolipa riba, na vinginevyo, ili moja likianguka jingine libebe.

Nifanye hesabu kwa mfano tu. Milioni 7, ukichukua dola 4 kwa kila 100 kwa mwaka, ni dola 280,000. Ukilinganisha na bilioni za Bezos, hiyo ni kama maji yaliyobaki kwenye kata. Lakini mwaka ujao ipo. Mwaka unaofuata ipo. Mwaka ambao soko limeanguka itapungua, na hapo ndipo wenye mfuko wanapokaza mkanda ili wasiule mtaji. Wazee wetu walikwisha sema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapa pwani kila mtu anajua mnazi: nazi zake utakula wewe, atakula na mjukuu wako. Ila ukiukwea ukaukata ule moyo wake mtamu, utakula siku moja, na mti ndiyo basi tena.

Hiyo ndiyo hela ambayo kile kitalu changu kilikosa. Haikuhitaji bilioni. Ilihitaji mtu mmoja wa kumwagilia mwezi wa 37.

Kwa nini nimesimamia Amani tu leo? Kwa sababu mmekunywa maji kabla ya kuja hapa. Mto Zigi unatoka kule juu, Usambara Mashariki, unapita Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, zaidi ya hekta 8,000 zilizotengwa mwaka 1997, unateremka mpaka bwawa la Mabayani, halafu mabomba, halafu bomba la kwako. Wachimba dhahabu walipovamia vyanzo kule Sakale, na zebaki yao, tope lilikuwa la kuja kwetu. Wakulima wa kule wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaohifadhi mabonde ya Kihuhwi na Zigi. Mkulima wa Zigi akiacha kulima ukingo wa mto, anayefaidi ni mama wa Ngamiani anayefungua koki. Yeye amepoteza vipando kumi vya magimbi. Nani amemlipa?

Tanga tumefanya jambo ambalo sijui kama tumelitambua vya kutosha. Mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ya kazi zinazotunza mazingira, ya miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Ilitaka shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji, ikapata zaidi ya ilizotaka. Ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hatifungani ni deni: wewe unaikopesha mamlaka, inakulipa riba mara mbili kwa mwaka, mwisho inakurudishia mtaji wako. Mamlaka ya maji ya mji huu, ya bomba hili, iliingia kwenye soko la mitaji ikatoka na hela. Nilifurahi siku ile mpaka nikampigia simu mwenzangu mstaafu wa Lushoto usiku.

Vijana, hisa za mawasiliano hata hapa nchini zipo. Vodacom Tanzania iliuza kwa umma mwaka 2017, shilingi 850 kila hisa, na kwa miaka kadhaa baadaye bei ilikaa chini ya hapo. Nasema hivi ili mjue kwamba jina kubwa halizuii bei kulala. Ukinunua, nunua hela unayoweza kuisahau.

Kabla sijaleta ombi langu, lazima niseme habari ya Derema, la sivyo nitakuwa nimewadanganya kwa kunyamaza. Derema ni ukanda wa msitu unaounganisha Amani na misitu mingine ya Usambara Mashariki. Wakulima walikuwa na iliki yao chini ya miti. Ikaamuliwa ukanda uwe hifadhi, mipaka ikawekwa, mazao yakahesabiwa, wakaahidiwa fidia. Walisubiri miaka. Niliwajua baadhi yao. Mtu anakuonyesha shina la iliki alilolikuza kwa miaka, limepigwa rangi ya kuhesabiwa, haruhusiwi kulivuna na hajalipwa. Anakuuliza wewe mwenye sare, na wewe huna jibu. Ndiyo maana hela ya msitu, hata ikitoka kwenye chipu za Marekani, hata ikiwa na nia njema kuliko zote, ikifika mlimani bila kumfikia mwenye iliki kwanza, inamgeuza mlinzi wa msitu kuwa adui yake. Nimeliona hilo usoni mwa watu na sitalisahau.

Basi ombi langu ni hili, na Mwenyekiti ameliruhusu liingie kwenye ajenda.

Kikundi kina akiba ya shilingi milioni 48. Naomba milioni 6 zitengwe kwenye kitabu chake, tukiite Kitabu cha Zigi. Tumtume mweka hazina kwa wakala wa soko la hisa aulizie kama kuna anayeuza hatifungani ile ya maji. Kama haipo, hatifungani ya serikali. Kwa riba ya 13.5, milioni 6 inatoa 810,000 kwa mwaka, kabla ya makato yoyote. Katika hizo, 210,000 zirudi kwenye mtaji, kwa sababu bei za vitu zinapanda na milioni 6 ya leo haitakuwa milioni 6 ya 2034. Zinabaki 600,000, yaani 50,000 kila mwezi. Tumpe nani? Tuwape wakulima wawili wa juu, waliokubali kuacha ukingo wa mto, watunze kitalu na kukagua chemchemi. Wawachague wao wenyewe kule, si sisi hapa. Na walipwe kwa simu tarehe moja ya kila mwezi, bila barua, bila kusubiri mtu wa mradi.

Na swali la kijana? Naomba pia shilingi 500,000, si zaidi, ziwekwe kwa jina la kikundi kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye hisa ndani yake, na vijana wawili wapewe kazi ya kutusomea bei kila kikao. Ikipanda watatueleza kwa nini, ikishuka vilevile. Baada ya miaka mitano tutakuwa na watu humu ndani wanaolijua soko kwa macho yao, si kwa tangazo la kwenye simu. Nataka vijana hao wawe wa kike na wa kiume.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni nilipokuwa naingia: na tukifa? Mama yangu, ndiyo sababu nimeomba tuandike kwenye katiba yetu kwamba mtaji wa Kitabu cha Zigi hautolewi kwa mkopo, wala kwa sherehe, wala kwa msiba, hata msiba wangu. Kugusa mtaji kuhitaji wanachama wote, si wengi, wote. Mnisamehe kwa kuwa mkali hapo. Nimevuta mche uliokwama kwenye kiriba, sitaki kuvuta mwingine.

Mwezi uliopita nilikwea tena mlima kwenda kule kwenye kitalu. Ile miche iliyotoboa viriba, mitatu imekuwa miti, imesimama mstari mmoja, karibu sana, mtu hawezi kupita katikati yake. Mama mmoja wa kile kijiji ameifunga kamba ya kuanikia nguo. Nilimwuliza kama ana nafasi ya kuanza kitalu upya. Akasema nafasi ipo, maji yapo, aliyekuwa anakosekana ni wa kurudi.

Daftari liko mezani kwa katibu. Wanaounga mkono watie sahihi upande wa kushoto, wanaopinga upande wa kulia, na wenye maswali nipo hapa mpaka magharibi.